Doa la Bibo Kwenye Khanga ya Mwali

Kabla hujaligusa doa, mwanangu, liulize kwanza limetoka wapi. Usicheke. Linuse, lipitishe kidole, igeuze nguo uone kama limepenya upande wa pili, na kama mwenye nguo yupo, muulize alikuwa wapi na alikula nini, hata akinuna. Mimi nimefua nguo za watu hapa Mtwara tangu nikiwa mama wa mtoto mmoja hadi nilipostaafu udobi katika nyumba ya wageni ya serikali, na mpaka leo nikimwona kijana anamiminia shati dawa ya chupa kabla hajajua anapambana na nini, roho inaniuma.

Juzi binti wa jirani alikuja na blauzi yake nyeupe. Alikuwa ameichemsha kwa sabuni ya unga, na doa la bibo limekaa kifuani, kahawia iliyokolea. Analia. Nikamwambia asilie, blauzi siku hizi zipo tele sokoni Chikongola, ila akae nimsimulie mambo ya madoa ili nyingine isipatwe na hayo. Akakaa kidogo, akaangalia simu, akaaga. Ndipo nikaona bora niandike, atakayetaka atasoma akiwa na nafasi yake.

Mimi si mtu wa huku kwa kuzaliwa. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, kwenye mvua na migomba. Nilikuja Mtwara miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mume wangu alipohamishiwa bandarini. Nilikuja na kitanda, masufuria, mtoto wangu Lusajo mgongoni, na gauni moja jeupe la kanisani ambalo mama alinishonea kwa mkono wake. Kwetu doa kubwa tulilolijua ni utomvu wa ndizi. Nikajiona najua madoa.

Jumapili ya kwanza ya msimu wa korosho, tukitoka kanisani, nikakuta akina mama wanauza mabibo njiani. Sikuwahi kuyaona. Tunda jekundu linalong'aa, korosho imening'inia chini, harufu yake tu inakuvuta. Nikanunua, nikauma pale pale nimesimama wima kama mtu anayekula andazi. Maji yakanichuruzika kidevuni hadi kwenye gauni. Akina mama wale wakaligeukia gauni langu wote kwa pamoja. Mtu wa huku, hata mtoto mdogo, anakula bibo ameinama mbele, miguu ameitanua, maji yadondoke chini. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia.

Nikakimbilia nyumbani, nikalisugua gauni kwa sabuni. Nilivyozidi kusugua ndivyo doa lilivyozidi kuiva. Upande wa pili wa uwanja alikuwapo mama mmoja anafua nguo za jirani yetu, mwembamba, mrefu, vidole vyake vina mabaka meusi ya mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayochoma ngozi. Alikuwa ananitazama. Akaacha kazi yake, akaja, akanusa gauni, akaniuliza swali moja tu, kama nimeshalipaka sabuni. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniambia pole kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani.

Huyo ndiye Bi Hadija. Gauni lile hakuweza kuliponya lote, lilibaki na kivuli kifuani, na mimi kwa aibu nikawa navaa sweta juu yake kanisani. Sweta, Mtwara, mwezi wa Desemba. Padri aliwahi kumuuliza mume wangu kama nina homa. Lakini kwa doa lile nikampata Bi Hadija, na nikipima nilichopoteza na nilichopata, nasema asante hadi leo.

Alikuwa Mmakonde, Mwislamu mwenye swala zake tano, mjane, anaishi Likombe. Kwao hasa ni Kilambo, kule mtoni, ambako upande wa pili ni Msumbiji. Kila asubuhi alitembea kutoka Likombe hadi mtaani kwetu kufua nguo za walimu, makarani na watu wa bandari. Mimi nikaanza kukaa naye pale kwenye jiwe la kufulia, kwanza kwa kuongea tu maana nilikuwa mpweke, baadaye kwa kumsaidia kukamua mashuka, na mwisho tukawa tunagawana nyumba za kufulia. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa akinishika mkono na kuuondoa pale nilipokuwa nakosea.

Mnapaswa kujua kwamba miaka ile sabuni ilikuwa haipatikani hivi hivi. Ilikuja kwa mgao, dukani kuna foleni, na ukifika mbele unaweza kuambiwa vimebaki viberiti. Kwa hiyo Bi Hadija aliiheshimu sabuni. Nguo za kawaida tulizifua kwa majani ya mpapai, tukayaponda na kuyasugulia, yana povu lake dogo na yanalainisha uchafu wa kola. Mashuka tuliyaloweka kwenye maji ya majivu: unachukua majivu safi ya kuni, unayamwagia maji, unayaacha yatulie, unachota yale maji ya juu yaliyo mepesi na yanayoteleza mkononi. Yanang'arisha kweli. Sabuni tuliiweka mwisho kabisa, tena kwa kola na makwapa tu.

Damu ni maji baridi na chumvi, basi. Ukiitia maji ya moto umeipika, na ikiiva haitoki. Mafuta ya nazi au samli, usiyakimbilie na maji. Nyunyizia unga wa muhogo, uache unyonye, ukung'ute, unyunyize tena, ndipo upake sabuni. Manjano ya mchuzi yana vituko vyake: ukipaka sabuni doa linageuka jekundu kabisa, na wengi hapo huogopa na kuongeza sabuni. Usiogope. Suuza, anika juani, lirudishie maji, anika tena, jua lenyewe litalimaliza. Grisi ya bandarini hutoka kwa mafuta ya taa, ila ovaroli uliyoisafisha kwa mafuta ya taa usiipelekee pasi ya mkaa hadi harufu iishe kabisa. Mume wangu aliwahi kujipigia pasi mwenyewe kwa haraka ya zamu, na nyusi zake zilichukua muda kurudi.

Wino wa kalamu ndio ulikuwa na kisa. Mtaani kulikuwa na Mwalimu Benedikti, mtu wa heshima sana, mashati yake yote yana doa la wino mfukoni. Bi Hadija alijua kuwa wino ule unayeyuka kwa gongo. Sasa gongo ni marufuku kwa serikali, na kwake ni haramu juu ya marufuku. Hata hivyo alikuwa na kichupa chake, sikuwahi kujua anakitoa wapi, akikishika kwa vidole viwili vilivyofungwa kitambaa na uso ameugeuzia pembeni. Alisema ile ni dawa ya nguo, na nguo hazina dini. Siku moja Mwalimu Benedikti alilitoa shati lake kwenye kamba kabla hatujalisuuza, akalivaa, akaenda nalo kwenye mkutano wa walimu asubuhi. Alirudi mchana ametulia sana. Kumbe mkuu wa shule alimweka kando akamshauri kwa upole kuhusu ulevi, na kila alipojitetea kwamba ni shati, ndivyo alivyoonekana amelewa zaidi. Tangu hapo alikuwa akituuliza kila mara, shati limesuuzwa?

Nacheka peke yangu ninapoandika. Lakini nilitaka kuwasimulia habari ya khanga, ngoja nifike huko.

Bi Hadija alikuwa na binti wa mwisho, Mwanahawa. Mwaka uliofuata walimpeleka unyagoni pamoja na wasichana wengine wa Likombe. Mimi sikujua chochote cha huko ndani na sikutakiwa kujua, maana kwetu hatuna unyago wa namna hiyo, na mbele ya akina mama wale nilikuwa msungo, mtu mzima na mtoto juu lakini sijachezwa unyago. Walinitania kwa hilo sana. Wakianza kuongea mambo yao na mimi nikatokea, mmoja atasema mvua inakuja, na wote watatazama mbingu. Mbingu nyeupe kabisa. Mimi nami naangalia juu, tunacheka.

Nilichojua ni cha nje: kwamba siku ya kutolewa wali, yaani hao wasichana waliowekwa ndani, kila mmoja hutoka amevaa doti mpya ya khanga. Mpya kwelikweli, isiyowahi kuvaliwa na mtu. Vyote vilivyomfunika ndani huachwa huko. Msichana asiye na khanga mpya atatolewa mwisho, amefungwa khanga ya zamani ya mama yake, na hilo litasemwa mpaka aolewe na hata akishaolewa.

Na khanga zenyewe, kama sabuni, zilikuwa za mgao. Maduka ya mjini yalikuwa matupu. Bi Hadija alizunguka Chikongola yote hadi viatu vikamwishia, hakupata. Aliyempatia ni dada yake, Bi Somoe, aliyekuwa akiishi Kilambo. Duka la kijiji chao liliposhushiwa khanga, Bi Somoe alipewa doti moja kama akina mama wengine, yake ya kuvaa mwaka mzima. Akasema hiyo si yake, ni ya mtoto wa mdogo wake. Yeye akabaki na zile zake zilizochakaa. Akatuma salamu kwamba atakuja nayo mwenyewe siku moja kabla ya sherehe.

Alikuja kweli, kwa lori, mapema asubuhi. Na kwa vile mtu haji kwenye sherehe mikono mitupu, aliibeba khanga ndani ya kikapu, akaifunika vizuri kwa jani la mgomba, na juu yake akapanga mabibo ya zawadi, yale makubwa mekundu kutoka shambani kwake. Sasa fikirini barabara ya Kilambo miaka ile, lori limejaa watu na magunia, na gunia la mtu limekalia kikapu. Alipofika Likombe na kukifungua, mabibo yalikuwa uji, na maji yake yameshuka hadi kwenye khanga.

Bi Hadija alikuwa kwetu anafua. Bi Somoe yuko peke yake pale nyumbani, ameshika kitu alichojinyima mwenyewe, kimeharibika. Akafanya alichozoea kufanya kwa nguo chafu. Uani kulikuwa na pipa la chuma lililokatwa nusu, lina kutu, lina maji ya majivu ya kulowekea mashuka ya kazi. Akaitumbukiza humo.

Wanangu, maji ya bibo yakikutana na majivu, yanakolea. Yakikutana na chuma chenye kutu, yanakuwa meusi, meusi kama wino. Yeye alikutanisha yote matatu kwa mara moja. Alipoitoa, khanga moja kati ya mbili ilikuwa na doa jeusi katikati ya mji wake, pale penye eneo jeupe ambapo kila mtu hutazama, upana wa sahani.

Nilipofika Likombe na Bi Hadija mchana ule, tulimkuta Bi Somoe amekaa chini mlangoni, khanga iko mapajani. Aliinyoosha tu mbele yetu. Bi Hadija akaipokea. Hakumgombeza dada yake, hata neno moja, na hilo namsifia hadi leo. Aliingia uani, akachukua beseni, ndimu na chumvi, akaanza kusugua. Mimi nilimjua mkono wake. Mkono wa Bi Hadija kwenye nguo ulikuwa mwepesi, unagonga na kuacha. Siku ile ulikuwa unasaga. Anasugua, machozi yanadondokea humo humo kwenye beseni, na nyuzi za khanga zilianza kufumuka kidogo.

Nikaogopa kumwambia. Yeye ndiye aliyejiona. Akasimama ghafla, mikono imelowa, akaniwekea khanga mikononi mwangu. Akiwa na uchungu Bi Hadija huchanganya Kimakonde, na nangu kwao ni mimi.

"Nangu siwezi," alisema. "Nitaisugua kwa hasira, itatoboka. Ya mwanao hufui vizuri. Fua wewe, Mama Lusajo."

Nilitaka kumwambia nitafuaje mimi ambaye nimekuja kulijua bibo juzi, ninayevaa sweta kanisani kwa ajili ya bibo. Lakini nilimwona anavyonitazama, nikaenda nayo kwenye beseni. Akaenda kukaa na dada yake mlangoni, wakashikana mikono, migongo yao wamenigeuzia ili wasinione nikifanya kazi.

Nikafanya kama alivyonifundisha. Niliinusa kwanza. Bibo lilikuwapo kwa mbali, lakini juu yake kulikuwa na harufu ya chuma, ile ya misumari iliyolowa. Nikajua nina madoa mawili, moja limempanda mwenzake, na la juu ndilo la kutolewa kwanza. Kutu ina dawa yake hapa pwani, nayo ni birimbi, yale matunda ya kijani membamba yanayobana kwenye shina la mti, machachu hadi meno yanakufa ganzi. Mbirimbi ulikuwa nyuma ya nyumba ya jirani. Nikachuma, nikayatwanga kwenye kinu, nikayakamua, nikayapasha moto kwenye chungu cha udongo. Chungu, si sufuria. Siku ile sikutaka chuma wala bati likaribie khanga ile.

Kabla ya hapo niliisuuza maji baada ya maji hadi ule utelezi wa majivu ukaisha kabisa mkononi, kwa sababu majivu na birimbi ni maadui, vikikutana vinauana na wewe unabaki na maji matupu. Halafu nikajaribu kwenye ncha ya pindo, nione kama rangi nyekundu itakimbia. Haikukimbia. Ndipo nikaivuta sehemu ile yenye doa juu ya mdomo wa bakuli la udongo, nikaikaza kama ngozi ya ngoma, nikaifunga kwa kamba, nikaanza kumimina maji ya birimbi ya vuguvugu kidogo kidogo kutoka juu, yapite katikati ya kitambaa, yadondoke bakulini. Bila kusugua. Namimina, nangoja, namimina. Mikono ilikuwa inawaka kwa uchachu, mpasuko niliokuwa nao kidoleni ulinifanya nione nyota mchana.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Nilisali, nawaambia ukweli, nilisali kwa Kinyakyusa. Kisha maji yaliyokuwa yakidondoka bakulini yakaanza kuwa na weusi. Na pembeni mwa doa, wino ule ukaanza kurudi nyuma, ukawa zambarau, ukawa kahawia, ukawa rangi ya chai. Nikabadilisha bakuli. Nikaendelea hadi weusi wote ukaisha, likabaki lile bibo lenyewe, doa la chai ya rangi kwenye eneo jeupe.

Hilo la chai nililiwekea ndimu na chumvi, nikaitandaza khanga juu ya majani uani ipate jua, ikikauka nailowanisha tena. Jua la Desemba halina uhakika. Wingu lilitokea upande wa Msumbiji, likafunika, nikakaa pale nimeikodolea mbingu macho, na safari hii hakuna aliyenitania kuhusu mvua. Wingu likapita. Hadi jua linapungua nguvu, pale palikuwa pamebaki kivuli hafifu tu, kama umewahi kuona mahali kikombe kilipokaa mezani na mtu akapafuta. Ukiambiwa utapaona. Usipoambiwa, huoni.

Nikamwita Bi Hadija. Akaja, akaitazama muda mrefu. Akanusa. Halafu akaniambia, akiwa na sauti yake ile ya kazini, kwamba imetoka lakini sasa imekuwa nguo iliyofuliwa. Na kweli. Khanga mpya ina wanga wake, ni ngumu, ukiifungua inalia. Hii ilikuwa imelegea. Mama yeyote atakayeishika kesho atajua.

Hapo ndipo tulipofanya kazi pamoja, sisi watatu. Bi Somoe alikwangua muhogo mbichi, akauloweka, akauchuja kwa kitambaa. Bi Hadija akapika uji mwepesi kabisa usio na kidonge, akauchuja tena. Mimi nikaisuuza khanga upya, zaidi ya nilivyowahi kusuuza kitu chochote, kwa sababu uchachu ukibaki kwenye pamba na pasi ya moto ikapita, pataungua na kugeuka kahawia, na hilo halina dawa. Tukaichovya kwenye wanga, na ile mwenzake ambayo haikuwa na doa nayo tukaichovya, zifanane. Asubuhi yake ilipokuwa na unyevu kidogo tu, Bi Hadija aliipiga pasi ya mkaa mwenyewe, kwa mkono wake ule mwepesi uliokuwa umeshamrudia. Akazikunja mikunjo ya dukani. Kisha akazifungua ghafla mbele yetu, na zikalia. Bi Somoe alijifunika uso kwa khanga yake iliyochakaa, akacheka na kulia kwa pamoja.

Maneno ya khanga ile, kwa wanaopenda kuuliza, nimeyasahau kabisa. Niliyatazama siku nzima na sikuyasoma.

Alasiri ile wakatoa wali. Mimi nilisimama nje ya uzio pamoja na wageni, na akina mama wa mtaani kwetu waliokuja kutazama. Ndani kulikuwa na ngoma na vigelegele. Wasichana wakatoka mmoja mmoja, vichwa vimeinama, ngozi zinang'aa mafuta, kila mmoja amefunikwa khanga kichwani. Mwanahawa alikuwa katikati ya wenzake, si mwisho. Bi Hadija alikuwa ameifunga khanga ile kwa namna ambayo kivuli kile kiliangukia ndani ya pindo la kiunoni. Nilitafuta kwa macho, mimi niliyekijua, sikukiona. Akina mama walimpitia, wakashika kitambaa kama wanavyofanya, wakakisugua kwa vidole, wakaguna kwa kuridhika. 

Nikadhani yameisha, nikaanza kumtafuta Lusajo ili turudi. Lakini huku kusini, mwali akitoka hatoki na jina lake la utoto. Jina lile linaachwa ndani, na kungwi, yule mama aliyewafunda, husimama mbele ya watu kutangaza jipya, ambalo familia imelichagua. Huwa ni jina la bibi, au la mtu waliyemheshimu. Kungwi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kufika mbali. Akataja la kwanza, vigelegele. La pili, vigelegele. Alipofika kwa binti wa Bi Hadija akasita, akainama kwa mama yake kuuliza tena, kwa sababu halikuwa jina la huku na ulimi wake haukulizoea. Kisha akainua kichwa.

"Huyu msimwite tena Mwanahawa," alisema. "Huyu ni Sekela."

Sekela ni mimi. Ni jina nililopewa Tukuyu na bibi yangu, na Mtwara nzima hakuna aliyekuwa akiniita hivyo, wote walinijua kwa jina la mwanangu. Bi Hadija aliwahi kuniuliza mara moja tu, tukikamua mashuka, na sikujua kama alilishika. Akina mama wote wakageuka kunitazama kule nje ya uzio nilikosimama, na mmoja wao, yule yule aliyependa kusema mvua inakuja, akaja akanishika mkono akaniingiza ndani ya duara.

Bi Hadija ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Binti yake yuko Likombe, ni bibi sasa. Watu wakimsikia Mmakonde anaitwa kwa jina la Kinyakyusa humuuliza amelipata wapi, nami nikiwapo huwa natazama pembeni kwa sababu najua jibu lake na bado linanitoa machozi. Yeye huwaambia ni jina la mama aliyemfulia.